Somo: Kujijengea baiskeli ya graveli inayokukaa mwilini, kwa fremu ya chuma ya mtumba

Wakuu habari za leo, nashusha somo la kujijengea baiskeli ya graveli, yani ile ya kupiga barabara za vumbi na changarawe masaa mengi bila mgongo kulalamika. Naandika nikiwa na njia za huku kwetu Arusha na jirani kichwani, kina Oljoro, Monduli, Ngarenanyuki kule nyuma ya Meru, Sanya Juu, ila alieko Iringa au Laikipia nae atapata chake humu. Tangu yale mashindano ya Migration Gravel Race yaanze kule Masai Mara upande wa Kenya mwaka 2021, vijana wanaziona baiskeli za kaboni kwenye simu wanadhani bila ile huendi popote. Unaenda, tena mbali. Kinachomchosha mtu njiani mara nyingi sio uzito wa baiskeli, ni baiskeli ambayo haikupimwa kwake. Ndo maana tunaanza na mwili, fremu baadae, na tafadhali usiruke hatua ya kwanza hata kama fremu unayo tayari ndani.

HATUA YA 1: JIPIME

Vua viatu, egemea ukuta, miguu iachane kidogo kama upana wa kiganja. Chukua kaunta buku, lile nene lenye jalada gumu, liweke katikati ya mapaja mgongo wa kitabu ukiangalia juu, livute mpaka liguse mfupa vizuri, lisiguse nguo tu, ligandamize kama vile umekaa kwenye siti. Mwenzio apime kutoka sakafuni mpaka juu ya kitabu. Hiyo namba zidisha kwa 0.883. Mfano umepata sentimita 82, jibu ni 72.4, na hapo ndo siti yako inapoanzia, ukipima kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayobeba pedeli) kwenda juu kufuata bomba la siti mpaka pale unapokalia. Njia hii aliipa umaarufu Greg LeMond, yule Mmarekani aliechukua Tour de France mara 3. Sio amri, ni pa kuanzia, ukishatembea utapandisha au kushusha milimita kadhaa.

Kipimo cha pili ni mifupa ya kukalia. Tafuta boksi, lile karatasi lenye mawimbi ndani, liweke kwenye benchi gumu, likalie, inua visigino ili uzito wote ushuke makalioni, tulia kama dakika moja. Ukinyanyuka utaona mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya shimo moja mpaka katikati ya lingine, ongeza kama sentimita 2 hivi, huo ndo upana wa siti yako. Watu wananunua siti yenye sponji kubwa kama mto wakifikiri ndo raha, saa moja baadae ile sponji imeshadidimia, mifupa haina pa kukaa na nyama laini za katikati ndo zimebeba uzito wote, ganzi inaanza. Siti ngumu kiasi yenye upana wako inashinda sponji siku zote.

HATUA YA 2: FREMU

Ushauri wangu kwa mfuko wa kawaida, tafuta fremu ya chuma ya mauntein (baiskeli ya milimani) ya miaka ya tisini, zile zisizo na springi mbele, ringi za inchi 26. Huku mtumba zimejaa, watu wanazipita wakikimbilia zenye springi mbili ambazo springi zenyewe zimeshakufa na zina uzito wa bure. Ile fremu ya zamani ina nafasi ya tairi pana, ina mashimo ya kufungia keria, na ikivunjika kijijini fundi wa kuchomea anaweza kukushikizia ukarudi nyumbani.

Nenda na sumaku, uzi, futi na spana za L. Sumaku ikinasa ni chuma. Angalia kwa jicho la karibu kabisa pale bomba la chini linapoungana na shingo (lile bomba fupi la mbele, chini ya usukani), rangi ikiwa imepasuka kimstari chembamba au imevimba kama malengelenge, hiyo fremu imewahi kugonga kitu, achana nayo hata akikupa bure. Alaf chukua uzi, funga kwenye sikio la nyuma la kushoto (pale ekseli ya gurudumu inapofungwa), upeleke mbele uzunguke shingo, urudi mpaka sikio la kulia, uvute ukaze. Pima umbali kutoka kwenye uzi mpaka bomba la siti upande huu na upande ule. Namba zikilingana au zikipishana milimita moja mbili hivi fremu imenyooka. Ikipishana sana, mkono wa nyuma umepinda na itakuvuta upande mmoja safari nzima.

Jambo lingine, mwambie muuzaji achomoe mbele yako lile bomba linalobeba siti, linaloingia ndani ya fremu. La aluminiamu likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma linagandana nayo, na siti isiyopanda wala kushuka inafuta vipimo vyote vya hatua ya 1.

Urefu sasa. Wengi wanaangalia tu kama wanaweza kusimama juu ya bomba, ila kinachoumiza mabega ni urefu wa kwenda mbele, kutoka siti mpaka usukani. Kama unataka usukani wa kupinda, ule wa pembe za kondoo, kumbuka mikono itashika mbele zaidi ya usukani wa kunyooka kwa kama sentimita 8, kwaiyo chukua fremu ndogo kidogo kuliko unayoizoea au panga stemu fupi (kile kipande kinachounganisha usukani na shingo).

HATUA YA 3: FUNGUA, SAFISHA, PAKA GRISI

Hapa pafupi. Pedeli ya kushoto na kikombe cha krenki cha kulia, kile kinachoshika beringi za ekseli yake (kwenye fremu nyingi za aina hii), vinafunguka kwa kuzungusha kufuata saa, usilazimishe kinyume ukaua nyuzi za skrubu. Beringi zote toa, osha na mafuta ya taa, gololi zenye vidoa badilisha, grisi mpya. Ndani ya mabomba nyunyizia oili, vumbi la huku likichanganyika na maji ya masika linakula chuma toka ndani na nje huoni kitu.

HATUA YA 4: MATAIRI, HAPA NDO HELA IENDE

Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua matairi. Inchi 2.0 au 2.1, katikati laini laini, pembeni yana meno, kuta zake ziwe nyepesi zinazojikunja mkononi. Ile mitetemo ya barabara iliyojikunja mawimbi mawimbi, kama ile unayokutana nayo ukishatoka lami, inamezwa na hewa ya tairi kabla haijafika kwenye viganja. Na usijaze upepo mpaka tairi liwe jiwe! Mtu wa kilo 70 aanze na psi (kipimo cha upepo) 35 nyuma na 30 mbele, apande kwenye njia yake, ashushe psi 2 mbili mpaka aone ringi inakaribia kugonga mawe, hapo apandishe kidogo. Ukipata pancha ya matundu mawili yaliyolingana, ringi imebana tyubu, maana yake umeshusha mno.

Hakikisha kila upande kati ya tairi na fremu kuna nafasi ya kuingiza kidole kidogo, udongo mweusi wa huku mvua ikinyesha unajaa hapo na gurudumu linagoma kuzunguka kabisa. Na valvu chukua zile nene za pikipiki, kila fundi wa bodaboda njiani ana pampu yake.

HATUA YA 5: GIA

Fanya rahisi, gia moja mbele, 8 nyuma. Mbele meno 36 au 38, nyuma kaseti (lile rundo la gia za nyuma) ya meno 11 mpaka 34. Kwa nini 8? Kwa sababu direla (kile kifaa kinachohamisha mnyororo) za kampuni ya Shimano za gia 8 za mauntein na swichi za gia 8 za baiskeli za barabarani zinaelewana kwa nyuma, waya unavutwa kipimo kimoja, kwaiyo unaokoteza hiki hapa na kile pale na vinafanya kazi. Mbele hazielewani vizuri, sababu nyingine ya kubaki na gia moja. Ukiwa unabeba mizigo au unaishi milimani shuka mpaka 32 mbele, hakuna aibu, goti halinunuliwi dukani.

HATUA YA 6: USUKANI NA KUKALIA

Mabomba ya usukani wa kunyooka yana unene wa milimita 22.2 pale pa kushika, ya usukani wa kupinda 23.8. Ndo maana swichi na mikono ya breki ya mauntein haiingii kwenye pembe za kondoo, usipige nyundo. Kwa maoni yangu kwa baiskeli ya kwanza chukua usukani unaorudi nyuma kidogo kumfata mtu, viganja vinakaa kama vinavyokaa mtu akitembea, unatumia breki na swichi ulizonazo, na hela iliyobaki inaenda kwenye matairi. Pembe za kondoo zina raha yake, una sehemu nyingi za kubadilisha mikono, ila zinataka breki na swichi zake na hapo gharama inapanda haraka.

Urefu wa usukani anza nao sawa na siti. Siti iwe sawa, pima na pima maji ya fundi ujenzi. Mbele na nyuma: kaa, pedeli zikiwa zimelala usawa, ning'iniza uzi wenye nati kutoka mbele ya goti la mbele, uzi upite karibu na ekseli ya pedeli. Alaf toka, panda saa nzima na spana za L mfukoni. Goti likiuma mbele, siti iko chini. Likiuma nyuma au kiuno kinayumba huku na huku, iko juu. Viganja vikiingia ganzi, usukani uko mbali au chini, au pua ya siti imeinama inakusukuma mbele. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, weka alama ya wino kwenye bomba, panda tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nna baiskeli ya mizigo, ile nyeusi ya ringi 28, naweza kuigeuza graveli?
Jibu: Kukaa inakaa vizuri sana kaka, zile fremu zimelala, mgongo unapumzika. Shida ni breki za vyuma na gia. Ringi yake ni ya milimita 635, za kisasa ni 622, ukiweka za kisasa breki zile zinakosa ringi kwa milimita 6 na nusu. Na masikio ya nyuma yamekaribiana, habu (kitovu cha gurudumu) ya kaseti haiingii bila kupanua fremu. Kwa njia tambarare iache na gia yake moja, badilisha siti na matairi, utafurahi. Kwa milima tafuta fremu nyingine.

Swali: Mimi ni mfupi, sentimita 155, kila baiskeli napanda nahisi nimetandazwa. Nifanyeje?
Jibu: Dada wewe ringi 26 ni rafiki yako, fremu inakuwa ndogo bila kiatu kugonga tairi la mbele ukikata kona. Tafuta fremu ya inchi 14 au 15. Krenki nyingi za mtumba ni 170 au 175, kwako zinakunja goti mno, tafuta 165 au chini ya hapo. Ukipunguza krenki kwa milimita 5 pandisha siti milimita 5 hizo hizo. Stemu fupi, na mikono ya breki isogeze karibu, nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebisha.

Swali: Nimeweka pembe za kondoo na breki za V za mauntein, breki hazishiki vizuri, lever (mkono wa breki) inafika mpaka kwenye usukani.
Jibu: Ile lever ya barabarani inavuta waya mfupi, V inataka waya mrefu. Usiendelee kuipanda hivyo hasa mteremko wa Monduli. Weka V ndogo, zile zenye mikono mifupi, au rudisha breki za kantiliva za zamani, zile waya wa kati unavuta mikono miwili, hizo zinakubaliana na lever yako.

Swali: Miba ya migunga inatumaliza huku, niende bila tyubu?
Jibu: Ringi za zamani hazikutengenezwa kushika tairi bila tyubu, tairi linaweza kuchomoka ukiwa kasi. Baki na tyubu, weka dawa ya kuziba ndani, na kabla hujabadilisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi zima taratibu. Kitambaa kitanasa kwenye ncha ya mwiba uliobaki, kidole kinapitiliza au kinachomwa.

Swali: Kaseti ya 11 mpaka 34 inaingia kwenye direla yoyote?
Jibu: Hapana, angalia kile kimkono chake kinachobeba vigurudumu viwili vya mnyororo, kiwe kirefu. Direla za mauntein nyingi zinabeba 34, za barabarani zenye mkono mfupi zinagonga. Ukishafunga, weka gia kubwa ya nyuma uzungushe kinyumenyume kwa mkono, kigurudumu cha juu kisiguse meno ya kaseti, kikigusa kaza ile skrubu ya nyuma mpaka kiachane.