Jinsi ya Kuandika Historia ya Shule Yako na Matokeo Yake Bila Kujidanganya

Nilipopewa kazi ya kuandaa kijitabu cha jubilei ya shule niliyosoma, huku juu ya Moshi kwenye migomba, nilidhani ni ya wiki mbili. Ilinichukua miezi saba na bado niliumbuka mbele ya watu. Nakueleza nilivyopita, wewe upite pafupi.

Nunua kaunta buku nene. Kompyuta iache kwanza. Ukurasa wa kushoto andika habari, wa kulia andika umeipata kwa nani, au kwenye daftari gani, na siku gani. Utauona usumbufu mpaka siku mtu atakapokuuliza, "Hili nani kakwambia?"

Anza na swali linaloonekana jepesi: shule ilianza lini? Kwetu kibao cha getini kina mwaka wake, jiwe la msingi la bwalo lina mwaka wake, na babu mmoja jirani wa shule anaapa kwamba vyote viwili ni uongo. Nilikuja kugundua kila mmoja ana ukweli wake. Shule nyingi kongwe za Kilimanjaro zilianza kama darasa la misheni, zikapanda ngazi kidogo kidogo. Kwa hiyo tafuta miaka minne: darasa la kwanza kabisa, sekondari ilipoanza, serikali ilipoichukua, na Kidato cha Tano cha kwanza. Ukiandika mmoja tu utagombana na watu.

Huo wa tatu una sheria yake. Sheria ya Elimu ya 1969 ndiyo iliyofungua mlango wa shule za madhehebu kuwa mali ya umma, na ndiyo sababu Umbwe iliyokuwa ya Wakatoliki, au Ilboru ya Walutheri kule Arusha, leo ni za serikali. Old Moshi haina habari hiyo, yenyewe ilikuwa ya serikali tangu enzi za Mwingereza. Basi usiandike "ikataifishwa" ukapita kama basi la Dar. Uliza nani aliondoka na nini kilibaki. Kwetu masista waliacha cherehani sita na kinanda. Cherehani mbili zipo. Kinanda kilimalizwa na mchwa.

Makaratasi yapo ofisini: rejista ya uandikishaji, kitabu cha wageni, mihtasari ya bodi. Omba kwa barua kwa mkuu wa shule, usimvamie, na usiende wiki ya mitihani. Rejista ndiyo dhahabu. Safu ya "kazi ya mzazi" kwetu ni mkulima wa kahawa, mkulima wa kahawa, kurasa na kurasa. Ukijua hilo unaelewa kwa nini bei ya kahawa ikianguka kuna majina yanakatwa kwa wino mwekundu, na pembeni wameandika "ada".

Kwa wazee, usiulize mwaka. Mama aliyetupikia, ambaye sisi wote tulimwita Mama Makande, nilimuuliza jiko jipya lilijengwa lini akanitazama tu. Nilipomuuliza, "Shikamoo mama, ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada?" akajibu palepale: baada, kipindi cha unga wa yanga, kwa sababu ule ugali wa njano ndio wa kwanza kupikwa humo. Basi, jiko ni la miaka ya 80. Huyo mama alinipa kurasa nyingi kuliko walimu watatu kwa pamoja.

Sasa matokeo, ndiko nilikoumbukia.

Mwaka mmoja shule yetu iliandikwa ya tatu kimkoa kwa Kidato cha Sita. Nikaiweka kwa herufi kubwa. Siku ya jubilei mhitimu mmoja akasimama na sahani yake ya pilau mkononi: "Dada katibu, ya tatu kati ya ngapi?" Sikuwa najua. Kumbe Baraza la Mitihani lilikuwa likipanga shule kwa makundi mawili, na kwa Kidato cha Sita wenye watahiniwa chini ya 30 walikuwa na orodha yao. Sisi tulikuwa huko, kwenye orodha fupi. Baadaye, Januari 2023, Baraza lilitangaza kuacha kutaja shule kumi bora. Mimi nilifurahi, ingawa kwa kuchelewa.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Fungua ukurasa wa matokeo wa shule kwenye tovuti ya Baraza, angalia namba ya kituo inayoanza na S (ile ya P ni ya watahiniwa binafsi, usichanganye), kisha chora safu: mwaka, waliofanya, kisha divisheni I, II, III, IV na 0 (I ndiyo ya juu, 0 ni kufeli). Usihesabu walioandikishwa, hesabu waliofanya. Miaka kumi ndiyo kiasi cha chini. Mwaka mmoja hauna ushahidi wowote.

Usibabaishwe na bango la "tumefaulu asilimia 100". Kidato cha Sita siku hizi karibu nchi nzima inafaulu, kwa hiyo asilimia hiyo haitofautishi shule na shule. Tazama divisheni I, yaani pointi 3 hadi 9 (chache ndizo bora) kwa masomo matatu ya kombi, ule mchanganyiko anaousoma mwanafunzi, na uitazame kombi kwa kombi. Kwetu HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) imesimama wima miaka yote, ila PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ilianzishwa maabara ikiwa chumba chenye meza na bomba lisilotoa maji. Ukizichanganya kwenye wastani mmoja, hilo halionekani.

Kuna miaka ya kuwekea alama ya nyota. Kidato cha Nne cha 2012 zaidi ya nusu ya nchi ilipata sifuri, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Cha 2014 hakina divisheni kabisa, utakuta Distinksheni, Meriti, Kredit na Pasi. Kidato cha Sita cha 2020 walikaa nyumbani tangu Machi kwa sababu ya korona, wakarudi Juni 1 na kuingia mtihani mwisho wa mwezi uleule. Mwaka kama huo ukiulinganisha na uliopita bila maelezo, unawaonea watoto.

Tena usiilinganishe shule yako na Ilboru. Ile ni ya vipaji maalumu, inachaguliwa waliofaulu sana tangu mwanzo, kama Kibaha au Mzumbe. Watoto wa Kidato cha Tano wanapangwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule za umma, kutoka nchi nzima, na kinachoingia kinachangia sana kinachotoka. Ilinganishe na yenyewe ya miaka kumi nyuma.

Kabla ya kuchapa, peleka rasimu kwa watu watatu, mmoja awe hakupendi. Mimi nilimpelekea pia Mama Makande, mjukuu akamsomea kibarazani. Alisikiliza hadi mwisho, akasema jiko ni sawa, ila kisima nimekiweka upande wa bwalo ilhali kilikuwa upande wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Nikafuta, nikarudi kwa mchapaji pale Double Road. Alikuwa ameshachapa nakala arobaini zenye kisima upande usio wake.