Kufundisha usimamizi wa mfumo ikolojia kwa kijito kimoja

Usianze na fasili ya maendeleo endelevu ubaoni. Anza na mpaka. Wape wanafunzi ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), wachore eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye kijito mlichochagua. Wengi watachora kingo zake tu. Waache, kisha waulize maji hayo yametoka wapi. Mashamba, barabara na mitaro ya mwinukoni vyote vimo ndani ya mfumo unaosimamiwa.

Kwa vipimo, teua vituo viwili: kimoja upande wa juu wa mkondo, kabla ya mahali panaposhukiwa kuchafua maji, kingine upande wa chini wa mkondo, baada yake. Vifanane kwa kina, kasi ya maji na kivuli, la sivyo mtakuwa mnapima kivuli. Anzeni na kituo cha chini, ili matope mtakayotibua yasiharibu sampuli ya pili. Mmoja ashike wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Mwenzake asimame mbele ya wavu, achokoe kokoto kwa miguu kwa dakika 3. Mimineni kwenye trei nyeupe yenye maji na mhesabu aina za viumbe, si wingi wao tu. Palipojaa vijidudu vyekundu kama minyoo, na karibu hakuna kingine, kwa kawaida oksijeni ni haba: himoglobini yao, protini nyekundu inayobeba oksijeni, ndiyo huwawezesha kustahimili. Kisha warudishwe majini. Oksijeni ipimwe saa ileile kila mara, kwani hupanda mchana mimea ya majini inapofanya usanisinuru. Maji yakipita magoti, au mvua kubwa ikiwa imetoka kunyesha, msiingie.

Darasani, gawa makundi: wakulima, wavuvi, mamlaka ya maji, wakazi wa upande wa chini wa kijito. Takwimu ni zilezile kwa wote. Jibu la kwanza litakuwa "tupande miti", tena kwa kauli moja. Libane: ukanda wa mimea kando ya kijito hupunguza udongo unaosombwa na mvua, lakini hauzuii majitaka yanayotoka kwenye bomba. Kila pendekezo litaje hatua, atakayebeba gharama, kipimo kinachotarajiwa kubadilika na tarehe ya kupima tena. Lisilo na tarehe lirudishwe.

Kanuni 12 za mkabala wa mfumo ikolojia chini ya Mkataba wa kimataifa wa Bayoanuwai (anuwai ya viumbe hai), zilizoidhinishwa mwaka 2000, ni nyingi mno kwa kipindi kimoja. Mbili zinatosha: maamuzi yafanywe katika ngazi ya chini inayofaa, na athari kwa mifumo jirani izingatiwe.

Alama nyingi zaidi mpe anayeeleza ni takwimu ipi ilimfanya abadili pendekezo lake.