Kununua pikapu ya dizeli iliyotumika kwa ajili ya kuvuta boti: hatua kwa hatua

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa kwenye yadi ya magari, Kinondoni. "Mjomba, nimeipata. Hilux, dabo kabini, imenyooka, na bei ameshusha. Nilipe?" Nikamuuliza boti yake ina kilo ngapi. Kimya. Nikamwambia arudishe pesa mfukoni, aje Kunduchi tuanze upya.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, na kuvuta boti barabarani ni sehemu ya kazi yangu ya kila wiki. Ninayoandika hapa ndiyo njia tuliyopita mimi na yeye mpaka boti ilipoingia majini. Hatua ya tano ni ndefu kuliko zote, kwa sababu hiyo mimi niliilipia.

Hatua ya kwanza: pima boti kabla ya kutazama gari lolote

Usiulize boti ina uzito gani. Ipeleke kwenye mizani. Yadi nyingi za vyuma chakavu zina mizani ya kupimia magari, na ukiongea nao vizuri watakupimia kwa pesa kidogo. Ipime ikiwa juu ya tela, na mashine zimefungwa, mafuta yamo, nanga na sanduku la barafu vimo. Yaani vile utakavyoivuta kweli.

Mpwa wangu alikuwa akisema boti yake ya faiba ya futi 23 ni kilo 900. Ni kweli, gamba tupu ni kilo 900. Mashine mbili za farasi 40 zikaongeza kama kilo 150. Petroli lita 200 ni kilo 150 hivi. Tela lenyewe, la chuma, kilo 420. Nyavu, nanga, kamba na sanduku la barafu, kilo 200. Mizani ikasoma kilo 1,820, mara mbili ya alichokuwa nacho kichwani.

Namba hiyo iandike, maana ndiyo inayochagua gari. Pikapu zilizo nyingi zimeruhusiwa kuvuta kilo 750 tu kama tela halina breki zake. Tela likiwa na breki, Hilux ya lita 3.0 ya kizazi cha 2005 hadi 2015 inafika kilo 2,500, na Land Cruiser 79 inafika kilo 3,500. Kiwango kinabadilika kulingana na nchi gari lilikouzwa likiwa jipya, kwa hiyo soma kitabu cha gari lile lile unalotaka kununua. Mimi sivuti zaidi ya robo tatu ya kiwango. Barabara zetu zina matuta, na mchanga wa diko, pale pwani tunaposhushia boti, unavuta gari nyuma kuliko lami yoyote.

Kama tela lako halina breki na boti imevuka kilo 750, pesa ya kwanza iende kwenye breki za tela. Gari lisubiri.

Hatua ya pili: chagua injini, rangi itafuata

Hapa nina upande wangu na sitauficha. Nataka giaboksi ya mkono, fo-wili yenye gia ya chini, na injini ambayo fundi wa Pangani au Kilwa anaifungua bila kumpigia mtu simu Dar.

Kwa boti nzito, kuanzia kilo 2,000 kwenda juu, hakuna ninachokipenda kama Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ. Ni silinda sita, lita 4.2, haina tabo (turbo) wala kompyuta ya kukusumbua. Haina mbio, lakini inavuta kutoka chini kabisa, na ukiwa kwenye mchanga hicho ndicho unachohitaji. Ubaya wake ni bei, na inakunywa.

Kwa boti kama ya mpwa wangu, Hilux ya 3.0 yenye injini ya 1KD inatosha vizuri. Isuzu D-Max ya 3.0 yenye injini ya 4JJ1 pia, na hiyo ina cheni badala ya belti ya taimingi. Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L ni ngumu kama jiwe, na ningezisifia kila mahali isipokuwa hapa: kilo 1,800 kwenye mlima zinazichosha, utapanda kwa gia ya pili huku malori yakikupigia honi.

1KD za miaka ya mwanzo zina ugonjwa unaojulikana. Sili za shaba chini ya injekta zinavuja, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito na kuziba chujio la chini ya pampu. Injini inakufa kwa kukosa oili wakati kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa. Muulize muuzaji sili zilibadilishwa lini. Kama hajui, hesabu kwamba hazijabadilishwa, na gharama hiyo ipunguze kwenye bei.

Hatua ya tatu: lala chini ya gari

Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikuirudisha mpaka 2017. Kwa hiyo Hilux ya mwaka 2010 unayoiona yadi haikutoka Japani, hata dalali akiapa. Imetoka Uingereza, Thailand, Afrika Kusini, au iliuzwa hapa hapa ikiwa mpya. Hili lina maana kubwa kwa mtu wa boti, kwa sababu Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Gari linakuja linang'aa juu, chini limeliwa. Wewe nawe unakwenda kuliongezea chumvi ya bahari.

Chukua nyundo ndogo. Gonga chesisi yote, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inatoboa. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa nene chini ya gari la miaka kumi na tano inanifanya nigonge zaidi. Ile Hilux ya Kinondoni iliishia hapa: nyuma ya gurudumu la kushoto nyundo ilizama kama kwenye biskuti.

Hatua ya nne: injini ikiwa baridi, na karatasi

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika shika boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Washa. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi na hauishi ni injekta au injini iliyochoka. Wa bluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: kikirukaruka na kupumua moshi kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha.

Kadi halisi ionekane kwa macho, namba ya chesisi ifanane na ya kwenye chuma, faini za trafiki ziangaliwe, mkataba uandikwe kwa wakili, umiliki ubadilishwe TRA. Ukiambiwa kadi "ipo benki", gari hilo ni dhamana ya mkopo. Liache.

Hatua ya tano: lipandishe kilima likiwa na mzigo

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pikapu yangu ya kwanza ya kuvutia boti. Nililijaribu gari Dar nzima kwa siku mbili, mshale wa joto haukusogea. Wiki iliyofuata nikafunga boti ya mteja kwenda Pangani. Chalinze salama, Segera salama. Baada ya Segera, kwenye vilima vya kuelekea Muheza, mshale ukapanda wote kwa dakika moja. Nikasimama. Tulikaa pale tangu saa nane mchana mpaka saa mbili usiku, tukimwaga maji ya kunywa ya abiria wa watu kwenye rejeta, na silinda hedi ikawa imepinda. Mteja alikosa safari yake, nami nikalipa hedi kwa pesa niliyoweka ya ada ya mtoto.

Kilichokuwa kibovu ni klachi ya feni, kile kidude cha mviringo katikati ya feni chenye mafuta mazito ndani. Likiwa tupu na liko mwendoni, gari linapata upepo wa kutosha kwenye rejeta bila msaada wa feni. Likivuta tani karibu mbili kwenye mlima kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, upepo hakuna, joto ni mara mbili, na feni ndiyo tegemeo pekee. Feni inayoteleza inaweza isigundulike mjini. Ndiyo maana nasisitiza mzigo.

Fanya hivi. Kabla ya kuondoka, injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti (dawa ya rejeta) safi, si kahawia na si maji ya bomba. Washa injini mfuniko ukiwa wazi: mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma ni gasketi ya hedi, na hapo jaribio limeisha. Kisha angalia kama themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo. Mafundi wengi wanaitoa "ili gari lisichemshe," na mimi nalipinga jambo hilo kwa nguvu zote. Gari lisilo na themostati huchelewa sana kupata moto, na karibu kila mara ilitolewa ili kuficha rejeta iliyoziba. Ukiendesha dakika kumi na tano na mshale bado uko chini, umeshaipata siri yao.

Halafu, usiuamini mshale wa kwenye dashibodi. Kwenye Toyota za miaka hii mshale umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka. Unapoanza kusogea juu, umechelewa. Nunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kusomeka kwenye simu. Ni cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha familia, na kitakuonyesha joto la maji kwa nyuzi kamili. Kwa 1HZ na injini nyingine za zamani zisizo na soketi hiyo, itabidi ufunge geji ya pembeni.

Sasa mzigo. Muuzaji hatakubali ulifunge boti gari lisilo lako, na ana haki. Mimi hupakia mifuko ya saruji ishirini nyuma, ambayo ni tani moja, baada ya kuhakikisha gari limeruhusiwa kubeba kiasi hicho. Tafuta kilima kirefu, panda kwa gia ya pili au ya tatu, taratibu, mara tatu mfululizo bila kupumzika. Joto likikaa kati ya nyuzi 85 na 98, vizuri. Likipita 105, simama, acha injini ingurume bila mzigo mpaka joto lishuke, na gari hilo usilinunue mpaka sababu ijulikane.

Ukishuka, zima injini wakati bado ya moto, chomoa ufunguo, shika panga la feni na ulizungushe kwa mkono. Linatakiwa likatae, liende kidogo na kusimama. Likizunguka lenyewe raundi mbili tatu kama pangaboi, klachi ya feni imekufa. Mzunguko huo mmoja wa mkono ungeniokolea hedi nzima.

Hapo hapo jaribu klachi ya gari: handibreki juu, gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini izimike mara moja. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza.

Tulipokuwa tukijaribu gari la tatu, muuzaji alisimama pembeni akisema, "Mzee, hili gari halijawahi kubebeshwa hivi." Nikamjibu, "Bosi wangu, kuanzia kesho litabebeshwa hivi kila siku." Likapanda mara tatu, nyuzi 94. Ndilo tulilonunua.

Hatua ya sita: chuma cha kuvutia, na uzito wa mdomo wa tela

Chuma cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye chesisi pande zote mbili. Kilichochomelewa kwenye bampa kikatwe kitupwe. Gololi ya kushikia tela ilingane na mdomo wa tela. Zipo za inchi mbili na ndogo zaidi, na ndogo ndani ya mdomo mkubwa huchomoka kwenye tuta.

Uzito unaokaa juu ya gololi uwe kama asilimia kumi ya jumla. Kwa boti yetu ni kilo 180. Mizani ya bafuni haifiki huko, basi weka tofali upande mmoja na mizani upande mwingine, ubao juu yake, mdomo wa tela ukae futi moja kutoka tofali na futi mbili kutoka mizani, kisha zidisha kwa tatu. Tulipata kilo 60. Mashine mbili za tezi, yaani nyuma ya boti, zilikuwa zinainua mdomo, na tela la namna hiyo likifika kilomita 70 linaanza kutikisa mkia mpaka linalivuta gari nje ya barabara. Tukalegeza nguzo ya winchi, tukaisogeza boti mbele sentimita thelathini na kitu, tukapima tena: 175.

Hatua ya saba: diko

Ukifika, usiingize tela majini papo hapo. Gusa vikombe vya magurudumu ya tela. Vikiwa vya moto, subiri nusu saa, maana beringi ya moto ikizama inafyonza maji ya chumvi ndani. Chomoa waya wa taa. Upepo wa tairi za gari ushushe hadi PSI 18 au 20, fo-wili gia ya chini.

Ukiwa bado mgeni, shusha boti maji yakianza kupwa. Ukinasa, bahari inakukimbia badala ya kukufuata. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hapa kwetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na nimeona pikapu ikifunikwa hadi dirishani wakati watu wakitafuta trekta.

Jioni ile ile, maji baridi ya kutosha: springi, breki, ndani ya chesisi kupitia matundu yake, magurudumu ya tela. Mpwa wangu amenunua pampu ndogo na pipa la lita 200 analoliacha tayari nyuma ya nyumba. Jumamosi alinitumia picha ya mrija ukiwa ndani ya chesisi, maji yakitokea upande wa pili yakiwa bado na mchanga.