Kuchagua neno la hitimisho katika taarifa ya mwaloni

Makatibu wengi wa vikundi vya wavuvi, iwe Kirumba, Mwanza, au kwenye mwalo (mahali pa kushushia samaki) mwingine wowote wa Ziwa Viktoria, huandika "kwa hiyo" hata pale sababu zao hazitoshi. Kabla ya kuliandika, tenga ulichokiona na unachokidai, kila kimoja katika sentensi yake, kisha jiulize kama yawezekana uliyoyaona yakawa kweli na dai lako likawa si kweli. Ikiwa haiwezekani, andika "kwa hiyo" au "hivyo basi" bila wasiwasi. Ikiwa yawezekana, teremka hadi "yamkini", na ushahidi ukiwa mwembamba zaidi, "huenda".

Tuchukue dagaa, ambao huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta karibu na wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hizo hupoteza nguvu, na wavuvi wengi hupumzika wakisubiri giza. Katibu akiandika, "Jana usiku hakuna mtumbwi wetu ulioingia ziwani, kwa hiyo dagaa waliovuliwa usiku huo na kushushwa hapa si wa mitumbwi yetu," hakuna wa kumpinga, maana anayekubali sehemu ya kwanza hana budi kukubali ya pili. Lakini akiandika, "Mbalamwezi hupunguza dagaa, leo dagaa ni haba, kwa hiyo jana kulikuwa na mbalamwezi," ameigeuza hoja kinyumenyume, kwa kuwa upepo mkali nao huzuia mitumbwi kutoka. Hapo panafaa "huenda", ingawa kwa jambo kama hili ni rahisi zaidi kutazama angani.

"Ndiyo maana" lina kazi nyingine: huja baada ya sababu kueleza jambo ambalo msomaji tayari analijua, kama uhaba anaouona mwenyewe sokoni. Ukilitumia kwa jambo ambalo bado hujalithibitisha, unampitishia dai kana kwamba lilishakubaliwa, na mimi huliona hilo kuwa baya kuliko "kwa hiyo" lisilo na msingi.

Neno "lazima" litazamwe pamoja na kitenzi kinacholifuata. "Lazima wachuuzi walipe ushuru" ni agizo, ilhali "lazima wachuuzi wamelipa ushuru" ni hitimisho la mwandishi, na katika taarifa itakayosomwa na mweka hazina, hitimisho hilo liandikwe tu baada ya stakabadhi kukaguliwa.