Somo: Kori moja inachemka, zingine zimelala (kugawa kazi ya pakiti kwenye Linux)

Seva ina kori nne. Ukitazama kwa jumla, prosesa inatumika asilimia 25, unaona mambo shwari. Kumbe kori moja iko 100 na tatu zinauchapa usingizi. Pakiti zinaanza kudondoka, halafu lawama zote anabebeshwa mtoa huduma wa intaneti. Hali hii huzikuta sana kadi za mtandao zinazotumia foleni moja ya kupokelea: kila pakiti ikiingia, anayegongewa mlango ni kori yuleyule.

Hatua ya 1: pima kabla hujagusa kitu.

mpstat -P ALL 1

Tazama safu ya %soft, yaani muda ambao kori inautumia kwenye kazi za ndani za kerneli kama kushughulikia pakiti. Kori moja ikisoma 90 na ushee huku zingine ziko karibu na sifuri, ndiyo hiyo. Kwenye top pia utaiona ksoftirqd/0 (mfanyakazi wa kerneli wa kazi hizo kwenye kori 0) imekaa juu kabisa. Kama huoni dalili hizi, ishia hapa, shida yako iko kwingine.

Hatua ya 2: iulize kadi ina foleni ngapi (eth0 ni jina la kadi, weka la kwako).

ethtool -l eth0

Sehemu ya juu ni uwezo wa kadi, ya chini ni kinachotumika sasa. Ukikuta Combined (foleni za kupokea na kutuma kwa pamoja) ya juu ni 4 na ya chini ni 1, dawa unayo:

sudo ethtool -L eth0 combined 4

Baadhi ya draiva huizima na kuiwasha kadi hapo, kwa hiyo kama umeingia kwa SSH usishtuke skrini ikiganda kidogo. Kisha fungua /proc/interrupts (orodha ya intarapti, yaani kengele ambazo kadi inazigongea kori) uone kama kila foleni ina mstari wake na namba zinapanda kwenye kori tofauti. Zikipanda, umemaliza. Hatua ya 3 usiiguse: kadi ikigawa yenyewe, kuongeza ugawaji mwingine juu yake mara nyingi ni kuichosha prosesa bure.

Hatua ya 3: kadi ni ya foleni moja tu. Hapa tunatumia RPS (Receive Packet Steering, kerneli yenyewe kuwagawia kori pakiti), iliyomo kwenye kerneli tangu toleo la 2.6.35 la mwaka 2010. Kori inayopokea inachukua anwani na poti za pakiti, inakokotoa hashi (namba moja inayotokana na hizo), kisha inamsukumia mwenzake kazi iliyobaki. Wewe unachagua wenzake hao kwa namba: kori 0 ni 1, kori 1 ni 2, kori 2 ni 4, kori 3 ni 8. Mimi kori 0 humwacha nje, maana mzigo wa kupokea tayari anao. 2+4+8 ni 14, na 14 kwa heksadesimali ni e.

echo e | sudo tee /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus

Usiandike "sudo echo e > ..." Alama ya > inatekelezwa na sheli yako, si sudo, na utaambiwa Permission denied. Nimepoteza nusu saa nzima hapo siku moja.

Hatua ya 4: pima tena.

watch -n1 'grep NET_RX /proc/softirqs'

Safu zote nne zinapaswa kutembea.

MASWALI

– Mkuu, nimefuata yote ila nikipima kasi kwa programu ya iperf3 bado kori moja ndiyo inayochemka.

Kwa kawaida iperf3 inafungua mkondo mmoja, na mkondo mmoja unakaa kwenye kori moja makusudi, pakiti zisije zikapishana njiani. Jaribu -P 8, mikondo minane kwa pamoja. VPN nayo ina tabia hiyo: kwa nje pakiti zote zina anwani zilezile, hivyo hashi ni moja.

– Si irqbalance (programu ya kugawa intarapti kwa kori) ingetosha tu?

Foleni moja ina intarapti moja. irqbalance itaihamisha kutoka kori hii kwenda ile, kuipasua vipande haiwezi.

– Nina kori nane, niandike nini?

fe. Ukitaka na kori 0 awemo, ff.

– Nimewasha seva upya, nakuta imerudi 0!

0 maana yake RPS imezimwa. Yaliyomo kwenye /sys yanaishi kwenye memori tu. Tengeneza huduma ndogo ya systemd ya aina ya oneshot (inafanya kazi mara moja kisha inaisha), iiandike e kila seva inapowaka, baada ya kadi kuonekana.