Jinsi ya kuchagua msimbo wa bili ya kuondoa uvimbe wa ngozi

Misimbo ninayoieleza hapa ni ya CPT, inayotolewa na Chama cha Madaktari cha Marekani, nami huitumia nikiwa Mwanjelwa, Mbeya, kuandaa madai ya bima ya kliniki za Marekani. Aliyezoea fomu za NHIF asiichanganye na ICD-10: hiyo hutaja ugonjwa, CPT hutaja kazi aliyoifanya daktari, na dai moja huhitaji zote mbili. (Nasema "msimbo" kwa makusudi, kwa kuwa ukitamka "kodi" hapa sokoni kila mtu atadhani umetumwa na TRA.)

Hatua ya kwanza: soma maelezo ya upasuaji ujue kilichofanyika. Kukwangua uvimbe juujuu ni 11300 hadi 11313. Kuunguza au kugandisha sunzua ni 17110 zikiwa hazizidi 14. Zikifika 15, tumia 17111 peke yake. Daktari akikata kupenya unene wote wa ngozi, endelea na hatua zifuatazo.

Hatua ya pili: subiri majibu ya patholojia, yaani ya maabara inayochunguza nyama iliyokatwa. Uvimbe usio wa saratani huanzia 11400 hadi 11446, na wa saratani 11600 hadi 11646. Neno "huenda" la daktari halitoshi kukuhamisha kundi. Vilevile, D48.5 ya ICD-10 si msimbo wa majibu yaliyochelewa, bali ni wa pale mtaalamu wa patholojia mwenyewe, baada ya kuchunguza kwa hadubini, anapoandika kwamba tabia ya uvimbe haieleweki.

Hatua ya tatu ni sehemu ya mwili, na hapa Kiswahili chetu hututega. Sisi husema "mkono" kuanzia begani hadi kwenye vidole, na "mguu" vivyo hivyo, ilhali CPT huuweka mkono wa juu ya kifundo pamoja na kiwiliwili (11400), na kiganja, pamoja na wayo, katika kundi la shingo na ngozi ya kichwani (11420). Uso, masikio, kope, pua na midomo ni 11440.

Hatua ya nne: kokotoa kipenyo, maana ndicho huamua tarakimu ya mwisho ya msimbo. Chukua upana mkubwa wa uvimbe kabla ya kukatwa, ujumlishe mara mbili, yaani kwa pande zote mbili, ukingo mwembamba zaidi wa ngozi isiyo na uvimbe uliokatwa. Uvimbe wa mgongoni wa sentimita 0.9, wenye ukingo wa 0.3 kila upande, ni 1.5: yaani 11402, au 11602 ukiwa saratani. Niliwahi kutumia kipimo cha maabara, nikapunja dai, kwa sababu nyama iliyokatwa hunywea, na formalini, dawa ya kuihifadhi, huizidisha kunywea.

Mshono wa kawaida umo ndani ya msimbo wa ukataji. Mshono wa matabaka hudaiwa kando, kwa msimbo wake. Urefu wa mishono ya aina moja katika kundi moja la mwili hujumlishwa, lakini vipenyo havijumlishwi: kila uvimbe huandikiwa msimbo wake.