Jinsi ya kuomba likizo ya uzazi na saa za kunyonyesha: kwa waajiriwa wa sekta binafsi Dodoma

Taarifa ya likizo ya uzazi inatakiwa kumfikia mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Msimamizi ameambiwa kwa mdomo, tumbo linaonekana, ofisi nzima inajua, lakini karatasi haipo. Siku msimamizi huyo akihamishwa, makubaliano yenu nayo yameondoka.

Maelezo haya yanafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara. Inamgusa muuza duka wa Majengo, mhudumu wa hoteli Area C, mlinzi na mfanya usafi wa kampuni zenye zabuni Mtumba. Inamgusa pia dada wa kazi nyumbani kwako, jambo ambalo waajiri wengi wa majumbani hawapendi kulisikia. Watumishi wa umma wana Kanuni za Kudumu na waanzie kwa afisa utumishi wao.

Kwanza hakikisha unastahili. Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii. Baada ya hapo, likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo ndani ya mzunguko wa likizo wa miezi 36, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku nyingine 84 zenye malipo ndani ya mzunguko uleule. Mwajiri analazimika kulipia likizo hizi mara 4 tu.

Cheti

Kadi ya kliniki peke yake mara nyingi haitoshi. Ukienda kliniki, iwe Makole, General au Mkapa, omba cheti kinachotaja majina yako, umri wa mimba na tarehe ya matarajio. Kuna mambo mawili ya kukagua kabla hujaondoka dirishani. La kwanza ni majina: kadi nyingi za kliniki zimeandikwa jina la mume, wakati mkataba wa kazi na kitambulisho cha NIDA vina jina la baba. Rasilimali watu wakiona majina mawili wanarudisha faili, na wiki mbili zinapotea. La pili ni tarehe: hesabu ya hedhi ya mwisho na kipimo cha ultrasaundi vinaweza kutofautiana kwa siku kadhaa. Mwombe daktari aandike tarehe moja, na hiyohiyo ndiyo uitumie kwenye barua.

Kupiga hesabu ya siku

Unaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya yako au ya mtoto inadai hivyo. Tuseme tarehe ya matarajio ni 20 Agosti 2026. Barua iwe imefika kabla ya 20 Mei. Ukianza mapema kabisa, yaani 23 Julai, siku 84 zinaisha 14 Oktoba. Ukisubiri mpaka 20 Agosti, zinaisha 11 Novemba. Siku ni zilezile. Tofauti ni ngapi utakazokaa na mtoto.

Wanaotoka mapema wanasahau kwamba mtoto hafuati kalenda. Katika mfano huo, mama aliyeanza 23 Julai akajifungua 5 Septemba, likizo inamwishia kabla wiki 6 hazijatimia. Sheria inakataza kufanya kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua bila daktari kuthibitisha kuwa mama yuko fiti. Kwa hiyo kama ujauzito hauna matatizo na kazi si ya kubeba mizigo, ni afadhali kuanza karibu na tarehe.

Likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28, ni haki tofauti. Mwajiri haruhusiwi kuitumia kufidia likizo ya uzazi. Mkikubaliana iunganishwe mwishoni, anayemaliza 11 Novemba anarudi kazini 10 Desemba. Iombe kwenye barua ileile.

Kwa mtoto njiti, marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yameongeza ulinzi kwa mama. Hakikisha hospitali imeandika mtoto alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi, maana hesabu ya siku za likizo za nyongeza inategemea hapo.

Barua

Iwe ukurasa mmoja. Iandikwe kwa mkuu wa taasisi au meneja rasilimali watu, K.K. (yaani kupitia kwa) msimamizi wako wa karibu:

*YAH: OMBI LA LIKIZO YA UZAZI*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natarajia kujifungua tarehe 20 Agosti 2026 kama inavyoonekana kwenye cheti cha daktari nilichoambatisha. Naomba likizo ya uzazi ya siku 84 kuanzia 20 Agosti hadi 11 Novemba 2026, ikifuatiwa na likizo ya mwaka ya siku 28. Nitakaporejea tarehe 10 Desemba 2026, naomba kuruhusiwa kutoka saa 9:00 alasiri badala ya saa 11:00 jioni kwa ajili ya kunyonyesha.*

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inarudi kwako ikiwa na neno "Imepokelewa", tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea, na muhuri kama upo. Kampuni isiyo na masjala, piga picha barua na uitume pia kwa baruapepe au WhatsApp ya meneja siku hiyohiyo. Nakala hiyo usiiache kwenye droo ya ofisini.

Fao la uzazi la NSSF ni shauri lingine, linaombwa kwenye mfuko wenyewe na linategemea idadi ya michango yako. Angalia taarifa ya michango mapema, kwa sababu mwajiri anayekata bila kuwasilisha hugundulika hapa.

Saa za kunyonyesha na zamu za usiku

Mwajiri anatakiwa kumruhusu mama anyonyeshe ndani ya muda wa kazi, hadi jumla ya saa mbili kwa siku. Sheria haikupanga zigawanywe vipi, kwa hiyo pendekeza wewe. Anayefanya kazi katikati ya mji na mtoto yuko Chamwino au Chang'ombe anaweza kwenda mchana na kurudi. Anayefanya kazi Mtumba na mtoto yuko Nkuhungu, hayo ni maji marefu: daladala inabidi ivuke mji mzima, na saa mbili zinaishia barabarani. Huyo aombe kuchelewa kuingia au kuwahi kutoka. Usiandike tu "naomba muda wa kunyonyesha". Taja saa kamili, la sivyo kila siku itakuwa mazungumzo mapya na kiongozi wa zamu.

Kwa walinzi, wauguzi wa hospitali binafsi na wahudumu wa hoteli: usipangiwe kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ndani ya miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio, wala miezi 2 baada ya kujifungua. Cheti cha daktari kinaweza kuanzisha katazo hilo mapema zaidi. Ambatisha ratiba ya zamu na uzungushie siku unazoomba zibadilishwe.

Baba, na anayeuguza

Baba ana siku 3 zenye malipo, lakini lazima azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Akingoja mama aliyefanyiwa upasuaji atoke hospitali kwanza, anaweza kuzikosa. Apeleke barua fupi na nakala ya tangazo la kizazi.

Kwa mtoto anayeumwa kuna siku 4 zenye malipo, ila ni kwa mzunguko wote wa miezi 36 na ndizo hizohizo za misiba ya mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa naye. Kumuuguza mama mzazi Kondoa au Mpwapwa hakumo. Tumia likizo ya mwaka, au omba ruhusa bila malipo kwa maandishi.

Mwajiri akikataa

Omba jibu la maandishi, kisha nenda kwa afisa kazi wa mkoa ukiwa na mkataba, nakala iliyopokelewa na cheti. Pasipoeleweka, shauri linaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu CMA F.1. Mwajiri apewe nakala kwanza, nawe uwasilishe fomu Tume ikiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Kunyimwa likizo au malipo yake, una siku 60. Kuachishwa kazi, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa, na sababu inayohusu ujauzito si sababu halali. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi tu. Kama bado uko kazini, iache wazi. Ukichelewa, utahitaji kwanza kuomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2, na utatakiwa kueleza sababu za kila siku uliyochelewa.